Injini imenoki: namna ya kuamua kabla hujatoa hela

Injini ikinoki, yaani ikianza kugonga au ikikaza na kuzima, ushauri hufika kabla ya fundi. Hapo hapo kijiweni mmoja atakwambia nunua injini mpya ya boksi uachane na presha, mwingine ana shemeji yake mwenye injini ya mtumba, wa tatu anaapa kwamba ni bloku tu hiyo, ile silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka. Hakuna hata mmoja wao aliyeona ndani. Na wewe, jasho linakutoka kwa kuisukuma pikipiki kutoka ilipokuzimikia, unaanza kuhesabu hela za ugonjwa ambao bado haujapimwa.

Nimeshika spana Morogoro kwa miaka mingi. Pikipiki ninazoletewa karibu zote ni za kazi: Boxer, TVS, na hizi za Kichina zenye majina kumi na injini moja. Hela nyingi nilizoona zikipotea zilipotea siku ya kwanza, kabla ya boliti hata moja kufunguliwa. Nami niliwahi kupoteza hela ya mtu. Mwaka wangu wa pili kazini kijana mmoja aliniletea pikipiki inayotoa moshi na kugonga. Nikaona bloku imelika, nikamfungia bloku na pistoni mpya, moshi ukaisha, akafurahi. Kranki, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, sikuipima. Wiki tatu baadaye konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, ilikatika akiwa amebeba abiria, ikatoboa kasha la injini upande wa mbele. Hela ya ufundi nilimrudishia, lakini uwezo wa kumnunulia kasha sikuwa nao. Tangu siku ile sifungi cha juu kabla sijajua hali ya cha chini, na mwongozo huu wote umesimama hapo.

Hatua ya kwanza: acha kupiga kiki

Kama injini imekaza, au ilikuwa inagonga kabla ya kuzima, usiendelee kuijaribu. Kila kiki inasaga vipande vya chuma vilivyomo ndani na kuvipeleka kwenye beringi na pampu ya oili. Bloku iliyokwaruzika leo ikipigwa kiki hamsini inaweza kuwa bloku na kranki kesho. Weka gia huru, isukume au ipakie kwenye guta, ifike gereji.

Gereji, kabla ya chochote, mwaga oili kwenye chombo safi ukiichuja kwa kitambaa cheupe. Kitambaa hicho kitakwambia mengi kuliko mtu yeyote. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu, uipitishe juu ya vipande vilivyobaki. Vinavyonasa ni chuma: gia, beringi, ringi au kranki. Vinavyong'aa kama fedha na havinasi ni aluminiamu, mara nyingi ni pistoni, au kasha lenyewe linalolika. Rangi ya shaba au dhahabu ni bushi. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa ina maji, na kwa injini ya kupozwa na upepo maji hayo yametoka nje: mafuriko, au mtu aliyeosha pikipiki kwa presha kubwa. Na kama oili iliyotoka haifiki hata nusu lita wakati injini hizi nyingi hubeba kama lita moja, umeshajua kilichoua.

Hatua ya pili: uliza kwa nini ilikufa

Hii hatua watu huiruka kwa haraka ya kurudi barabarani, kisha injini mpya inakufa kwa sababu ile ile. Angalia eakilina, yaani chujio la hewa. Ikiwa imechanika, imetolewa, au imewekwa sponji ya godoro, basi vumbi limekuwa likiingia kwenye kabureta na kukwaruza bloku siku zote hizo. Kwa anayefanya kazi barabara za vumbi, kiangazi kimoja bila eakilina kinatosha kuimaliza ringi. Angalia chujio la oili na njia za oili kama zimeziba. Uliza oili ilibadilishwa lini na ilikuwa ya aina gani. Oili nyingi za gari zina viambato vinavyofanya klachi ya pikipiki iteleze, ndiyo maana kopo la oili ya pikipiki huandikwa JASO MA au MA2. Uliza pia mzigo. Mishikaki ya watu watatu kupanda mlima, au mifuko ya simenti kila siku, ni joto ambalo injini ya cc 125 haikutengenezewa.

Ukishajua sababu, iandike. Gharama ya kuiondoa inaingia kwenye hesabu, hata kama ni eakilina tu.

Hatua ya tatu: fungua kuanzia juu kwenda chini

Mwambie fundi mkubaliane bei ya kufungua na kupima peke yake, na bei ya matengenezo mtaizungumza baada ya kuona. Fundi mwaminifu hatakataa. Kama pikipiki ni ya mkataba, mpigie bosi kabla ya boliti ya kwanza, maana ugomvi mwingi wa nani alipe huanzia kwenye injini iliyofunguliwa bila mwenye mali kujua.

Injini igawe vyumba vitatu kichwani mwako: juu, chini, na kasha.

Chumba cha juu ni silinda hedi, valvu, bloku, pistoni na ringi. Valvu zipime kwa petroli: geuza hedi, mimina petroli kidogo kwenye tundu la kuingizia hewa na la kutolea moshi, subiri dakika chache. Ikivuja upande wa valvu, zinahitaji kusagwa au kubadilishwa. Bloku ipitishe kidole. Mkwaruzo unaonasa ukucha hauponi kwa ringi mpya.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu hakihitaji mashine ya bei. Chukua ringi, iingize kwenye bloku bila pistoni, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima pengo la ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Pima karibu na juu, pale pistoni inapofanya kazi, kisha pima chini kabisa ambako hakuliki. Toa pengo dogo kwenye pengo kubwa, halafu gawa kwa 3.14. Jibu ni kiasi ambacho bloku imepanuka juu kuliko chini. Kwa mfano, juu 0.60 mm na chini 0.30 mm: tofauti ni 0.30, ukigawa unapata karibu 0.1 mm. Bloku imefika mwisho. Inahitaji kuchongwa na kupewa pistoni ya saizi kubwa zaidi (huwa zinapanda kwa robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00), au ibadilishwe yote.

Chumba cha chini ni kranki, konrodi na beringi zake. Hapa ndipo nilipokosea na hapa ndipo nakuomba utulie. Leta konrodi juu kabisa, ishike kwa vidole viwili, ivute juu na uisukume chini, juu na chini, bila kuizungusha. Usisikie kitu. Kuyumba kidogo kushoto na kulia ni kawaida, imetengenezwa hivyo, lakini mchezo wa juu na chini, hata mdogo unaosikika kama tiki, maana yake beringi ya konrodi imekwisha. Kisha shika magneti, lile gurudumu la sumaku lililofungwa kwenye ncha ya kranki, itikise juu na chini. Ikicheza, beringi kubwa za kranki zimekufa. Zungusha polepole usikilize: beringi nzima huteleza kimya, mbovu huparuza kama kuna mchanga.

Kasha ni yale maganda mawili ya aluminiamu yanayoshika kila kitu. Lioshe kwa petroli likauke, ulitazame juani. Tafuta ufa karibu na boliti zinazofunga injini kwenye chesisi, na chini pale panapogongwa na mawe. Tazama viti vya beringi: kama beringi inaingia kwa kidole bila kugongwa, kiti kimelika na beringi mpya itazunguka ndani yake. Uzi wa boliti ulioliwa hautishi, unatiwa uzi mpya. Ufa wa ukuta wa nje huchomewa kwa gesi ya agoni na mtu anayejua aluminiamu. Ufa unaopita kwenye kiti cha beringi mimi sichomei, kwa sababu joto linapinda kiti na kranki haitakaa tena kwenye mstari.

Sasa una picha. Juu tu imekufa: tengeneza, hakuna mjadala wa kubadilisha injini. Juu na chini zimekufa lakini kasha na gia ni vizima: hapa ndipo uamuzi wa kweli ulipo. Kasha limekwisha, au gia zimekatika meno pamoja na kranki: acha kufikiria kutengeneza, nenda kwenye injini nyingine au kuuza.

Hatua ya nne: hesabu, pamoja na siku

Chukua karatasi. Andika bei ya pikipiki yako kama ingeuzwa leo ikiwa inatembea. Halafu kila njia uiandikie spea, ufundi, na siku ambazo hutafanya kazi. Zile siku ndizo watu wanazisahau, kwa sababu hazina risiti.

Nitakupa mfano, bei ni za kuonyeshea tu, wewe weka za kwenu. Tuseme pikipiki yako ikiwa nzima ni 1,600,000, na hesabu ya siku, yaani hela inayotakiwa kupatikana kila siku, ni 10,000.

Kutengeneza juu na chini: spea na ufundi 420,000, siku sita 60,000. Jumla 480,000.

Injini ya mtumba: injini 350,000, kufunga 50,000, oili 15,000, siku mbili 20,000. Jumla 435,000. Inaonekana nafuu. Lakini hujui imebakiza maisha kiasi gani, kwa hiyo mimi huongeza theluthi ya bei ya injini kama akiba ya kuifungua tena. Theluthi ya 350,000 ni kama 117,000. Jumla 552,000.

Injini mpya ya boksi: 750,000, kufunga 60,000, oili 15,000, siku mbili 20,000. Jumla 845,000.

Kwa mfano huu kutengeneza kumeshinda, na injini ya boksi imevuka nusu ya bei ya pikipiki. Nusu ndiyo mpaka ninaouweka mimi. Matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya pikipiki nzima, simama kwanza, fikiria kuiuza ilivyo. Mpaka huo unaweza kusogea kidogo kama chesisi, shoki na matairi ni vipya, na urudi nyuma kama pikipiki imechoka kote.

Kitu kingine cha kuandika kwenye karatasi hiyo hiyo ni hela inatoka wapi. Nimewaona vijana wakichukua mikopo ya kausha damu ili pikipiki isilale hata wiki moja. Injini inapona, lakini mapato yote ya miezi inayofuata yanakwenda kwenye riba, na siku oili inapotakiwa kubadilishwa hela haipo, kwa hiyo injini iliyotengenezwa kwa mkopo inakufa kwa kukosa oili. Kama una kikoba, kopa kikoba. Kama huna, ni afadhali injini ikae mezani wiki tatu imefunikwa, ukiwa unaendesha pikipiki ya mwenzako kwa zamu na kununua spea moja moja.

Hatua ya tano: chagua njia

*Kutengeneza iliyopo.* Hii ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi, kwa sababu kasha lako unalijua, namba yake iko kwenye kadi yako ya usajili, na kila kipya kilichoingia umekiona kwa macho. Upande wa kranki una mambo mawili: kununua kranki kamili, au kuweka konrodi mpya kwenye kranki ya zamani. Ya pili ni nafuu, ila ifanywe kwenye mashine. Kranki ya pikipiki ni magurudumu mawili ya chuma yaliyobanwa kwenye pini kwa presi, na baada ya kubanwa lazima ipimwe kwa saa ya kupimia kama inazunguka bila kuyumba. Ikiyumba zaidi ya 0.10 mm, irudi kwenye presi. Nimeona kranki zikigongwa kwa nyundo juu ya reli barabarani. Hizo hutetemesha pikipiki mpaka boliti za taa zinadondoka, na beringi mpya hazimalizi msimu. Tafuta karakana ya wakereza vyuma yenye presi na saa. Kwenye mitaa ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya miji mingi kuna watu wa kazi hiyo.

Usifungue injini chini halafu ukabakiza vitu vidogo. Badilisha gasketi seti, oili sili zote, beringi kubwa mbili, klipu mpya za pini ya pistoni, na taiming cheni (cheni ya ndani inayozungusha kamu, shafti inayofungua valvu) pamoja na tenshena yake kama injini yako ina cheni. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kufungua tena. Nenda dukani na spea ya zamani mkononi, uwe Kariakoo au mjini kwenu, uzilinganishe kwa macho na kwa geji. Na spea zako za zamani ziombe zirudi nyumbani na wewe. Ni haki yako, na ndiyo risiti ya kweli kwamba zilibadilishwa.

*Injini ya mtumba ya aina ile ile.* Swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: pikipiki iliyotoka injini hii ilikufa kwa nini? Jibu zuri ni ajali ya mbele, foku na chesisi vimepinda, injini ilikuwa inatembea. Jibu la "sijui, nililetewa" liache lipite na injini yake.

Ukiwa na ruhusa ya kupima, fanya hivi. Mwaga oili kidogo kwenye kitambaa cheupe, kama ulivyofanya kwa yako. Toa plagi, weka geji ya kompresheni, shikilia eksileta wazi kabisa, piga kiki mpaka sindano isimame. Injini nzima ya aina hizi huwa juu ya 120 psi, nyingi hufika 150 na zaidi. Ikiwa chini ya 100, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana, ringi au bloku imelika. Isipopanda, valvu hazifungi. Bila geji, ziba tundu la plagi kwa kidole huku mwenzako akipiga kiki: hewa iwe na nguvu ya kukitoa kidole. Halafu fanya kipimo cha magneti nilichokueleza. Leta pistoni katikati ya safari yake, ingiza kijiti kirefu kisichovunjika kwenye tundu la plagi kiguse pistoni, uizungushe magneti kidogo mbele na nyuma kwa mkono mwingine. Ukisikia magneti inaanza kwenda kabla kijiti hakijasogea, kisha tiki, konrodi imeanza kucheza. Mwisho ingiza gia zote moja moja huku ukizungusha sproketi ya mbele. Gia inayoruka au kugoma ni kazi ya kufungua kasha lote.

Fungua pia kifuniko cha valvu. Injini iliyobadilishiwa oili kwa wakati huwa na rangi ya chuma au ya asali ndani. Ile nyeusi yenye masizi mazito kama sufuria ya kupikia mandazi ilinyimwa oili, na hakuna bei itakayoifanya iwe nafuu.

*Injini mpya ya boksi.* Njia hii inafaa hasa pikipiki za Kichina, na inasaidia kujua kwa nini. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, injini ambayo kamu yake iko chini na valvu husukumwa na vijiti, haina taiming cheni ya kukatika. Waliifanya hivyo kwa ajili ya watu wanaoendesha sana na kuhudumia kidogo. Viwanda vya China vikaichukua, na leo pikipiki za majina mengi unazoziona stendi zina injini ya ukoo huo, ndiyo maana boksi moja linaweza kuingia kwenye chesisi za kampuni nyingi.

Isome namba iliyopigwa kwenye kasha. 162FMJ, kwa mfano: 1 ni silinda moja, 62 ni kipenyo cha bloku kwa milimita, F ni kupozwa na upepo, M ni pikipiki, J ni kundi la 150. Ikiishia na I ni kundi la 125, L ni 200. Kuna wanaosukumwa kununua ya 200 kwa sababu tofauti ya bei ni ndogo. Kwa pikipiki iliyokuja na 125 au 150 mimi sishauri: ni ndefu zaidi kwenda juu, inakula petroli zaidi, na breki na chesisi vinabaki vile vile vya zamani.

Kabla ya kulipa, ilinganishe na yako zikiwa chini sambamba. Matundu ya boliti za kufungia yakae sawa. Sproketi ya mbele iwe kwenye mstari ule ule na idadi ya meno ile ile. Mpangilio wa gia ufanane. Usibebe injini ya kupozwa na maji ya toyo (pikipiki ya magurudumu matatu ya mizigo) kwa sababu imepunguzwa bei. Bila rejeta itaungua, na rejeta kwenye pikipiki ya kawaida haina mahali pa kukaa. Upande wa umeme ndio unaowatesa wengi. Kuna CDI (kisanduku kinachoipa plagi cheche) zinazopata umeme moja kwa moja kutoka kwenye magneti, na nyingine hutegemea betri, na hazibadilishani. Kwa hiyo injini, magneti na CDI viwe vya familia moja. Uliza pia kama kabureta imo ndani ya boksi, mara nyingi haimo. Na garantii ya mdomo si kitu: iandikwe nyuma ya risiti, siku ngapi na inahusu nini.

Kwa Boxer na TVS, spea hupatikana kipande kipande kwa urahisi, na mara nyingi hesabu huirudisha pikipiki kwenye kutengeneza au mtumba wa aina ile ile.

*Injini ya aina nyingine kabisa.* Kukata vishikio vya chesisi na kuchomea vingine ili injini ya Kichina ikae kwenye Boxer, nimeulizwa mara nyingi. Inawezekana. Sifanyi kwa pikipiki inayobeba abiria. Cheni ikitoka nje ya mstari kwa milimita chache hula sproketi na siku moja inaruka ikiwa kwenye mwendo, na mahali palipochomewa hupasuka kwa mtetemo. Kuna mtu nyuma yako aliyekupa uhai wake kwa nauli ya elfu moja.

*Kuuza ilivyo.* Pikipiki yenye chesisi nzuri na kadi safi ina mnunuzi hata bila injini. Usiichinje mwenyewe na kuuza kipande kipande kama huna soko. Vitu vizuri vitaondoka wiki ya kwanza na utabaki na tanki na chesisi ukutani.

Hatua ya sita: karatasi

Kadi ya usajili inayotolewa na TRA ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, namba ya kwenye kasha na ya kwenye kadi hazifanani tena, na siku ya ukaguzi, ajali, bima au kuuza, wewe ndiye utakayeeleza. Kwa hiyo kabla ya kulipia injini ya mtumba, taka nakala ya kadi ya pikipiki ilikotoka, risiti yenye namba ya injini iliyoandikwa kamili, na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Namba iliyosagwa au iliyopigwa upya (herufi zimepinda, pembeni pana alama za faili) iache hapo hapo hata kama bei ni ya kutupa. Pikipiki huibiwa, na injini yake ndiyo huuzwa kwanza. Ukikutwa nayo, kesi ya mali ya wizi ni yako.

Ukishafunga, nenda na karatasi hizo ufuatilie ukaguzi na mabadiliko ya namba kwenye kadi. Safari hiyo ihesabie siku moja zaidi kwenye karatasi yako.

Hatua ya saba: kufunga na kuizoeza

Safisha kwanza kabureta na tanki, weka eakilina mpya, rekebisha kile ulichoandika kwenye hatua ya pili. Jaza oili, halafu piga kiki ukiwa umetoa plagi, mara ishirini au thelathini, ili oili ifike juu kabla ya moto wa kwanza. Ikiwaka, iache dakika chache tu, zima, kagua uvujaji, angalia kipimo cha oili, kaza boliti zilizolegea.

Kwa kilomita 500 za kwanza hakuna mishikaki, hakuna simenti, hakuna kukimbizana. Usiiache iungurume kwa muda mrefu imesimama, na usiendeshe mwendo mmoja safari nzima. Ongeza na upunguze ili ringi zikae. Abiria mmoja mwepesi wa safari fupi, sawa. Kama ulifunga bloku mpya, ukiona moshi mwepesi siku mbili za kwanza usishtuke, lakini moshi wa bluu ukiendelea wiki nzima irudishe kwa fundi ikiwa bado iko kwenye makubaliano yenu.

Ikifika kilomita 500, mwaga oili ikiwa ya moto, uichuje kwa kitambaa cheupe kama siku ya kwanza. Vumbi laini la chuma ni la kawaida kwa injini inayozoeana. Ukikuta kipande unachoweza kukishika kwa vidole, usiiwashe tena mpaka ifunguliwe.